Tiba ya Mbali, Lugha ya Karibu: Afya ya Akili ya Mtoto wa Marachi

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii imefunzwa shuleni kwa miaka mingi, na aghalabu hufasiriwa kwa namna moja tu: mgonjwa hulaumiwa kwa kunyamaza. Hata hivyo, lipo swali ambalo methali yenyewe hailijibu. Je, mtu anaweza kuambiwa kwamba ameficha maradhi ilhali hakuwahi kupewa neno la kuyataja? Swali hili lina uzito wa pekee anapohusika mtoto, hasa maradhi yanapokuwa ya nafsi, yasiyo na jipu la kuonekana wala homa ya kupimwa.

Makala haya yanajadili pendekezo kwamba watoto wapate huduma za afya ya akili wakiwa shuleni, kwa njia ya simu au video, kutoka kwa mtaalamu aliye mbali. Eneo linaloangaziwa ni Marachi, yaani Butula na viunga vyake, pamoja na miji ya mpakani ya Busia na Malaba katika kaunti ya Busia nchini Kenya. Msimamo wa makala ni kuwa pendekezo hilo lafaa kuungwa mkono. Hata hivyo, huzungumzwa kana kwamba ni suala la mitambo, umeme na fedha peke yake. Hayo yote yanahitajika, lakini tiba ya nafsi hufanywa kwa maneno. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama shule ina intaneti, yafaa kuuliza kama mtoto na mtaalamu wana lugha ya kukutania. Na hapo ndipo wanakiswahili wanapoingia, watake wasitake.

Shule kama mlango wa tiba

Busia si mgeni katika wazo la kumfikishia mtoto tiba shuleni. Kuanzia mwaka 1998, mradi wa kuwapa wanafunzi dawa za minyoo uliendeshwa katika shule 75 za msingi za Funyula na Budalangi, zilizokuwa na wanafunzi zaidi ya 30,000. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 na Edward Miguel na Michael Kremer yalionyesha kuwa utoro wa wanafunzi ulipungua kwa takriban robo. Wataalamu wengine wamebishana kuhusu ukubwa wa manufaa hayo, lakini jina la Busia lilikwisha kuingia katika vitabu vya wanauchumi wa dunia, na mwaka 2019 Kremer alikuwa miongoni mwa watatu waliotunukiwa Tuzo ya Nobeli ya uchumi.

Funzo la mradi huo ni rahisi. Hospitali ikiwa mbali na nauli ikiwa haba, mahali ambapo watoto wengi hupatikana kwa pamoja ni shuleni. Mwalimu anawajua kwa majina. Anajua nani hakuja jana na nani amekuja bila kula. Kama minyoo iliweza kutibiwa pale, kwa nini huzuni isitibiwe pale?

Lakini hapa pana tofauti kubwa ambayo haina budi kutajwa mapema. Kidonge cha minyoo hakihitaji lugha. Mtoto humeza na maji, na dawa hufanya kazi yake bila kujali kama mmezaji ni Mmarachi au Mteso, au kama aliyempa alisema Kiingereza au Kiswahili. Tiba ya nafsi haina kidonge cha namna hiyo. Mtoto asipoelewa swali, hajatibiwa. Mtaalamu asipoelewa jibu, hajatibu.

Mtoto wa mpakani

Utafiti wa kitaifa kuhusu afya ya akili ya vijana wa Kenya, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2022, ulionyesha kuwa zaidi ya vijana 4 kati ya kila 10 wa umri wa miaka 10 hadi 17 walikuwa wamepata tatizo la afya ya akili katika kipindi cha mwaka mmoja, na kwamba takriban 1 kati ya kila 8 alitimiza vigezo vya kuhesabiwa kuwa na ugonjwa wenyewe. Wataalamu wa magonjwa hayo nchini ni wachache mno, na wengi wao wamo Nairobi na katika miji mingine mikubwa. Mzazi wa Butula anayeambiwa ampeleke mwanawe kwa daktari wa akili hupata kwanza hofu ya safari, kisha hofu ya majirani.

Kwa upande wake, Marachi ina mizigo yake. Miwa ilikuwa karo ya shule kwa nyumba nyingi za Butula, na kiwanda cha Mumias kilipowekwa chini ya mrasimu mwaka 2019, msiba wa wakulima ulifika hadi darasani. Busia na Malaba nazo ni miji ya njia. Malori husimama, madereva hulala, bidhaa huvushwa, fedha hubadilishwa. Mwaka 2020, maradhi ya Covid yalipoingia, foleni za malori ziliongezeka zikawa za kilomita nyingi, nao watoto walikuwa nyumbani kwa kuwa shule zilifungwa tangu mwezi wa Machi, na wengi wao hawakurejea madarasani hadi Januari 2021. Kuna watoto wa maeneo hayo waliobeba mizigo mpakani kabla ya kujua kugawanya kwa mkono. Wapo waliolelewa na nyanya baada ya wazazi kufariki kwa Ukimwi, na wapo waliopata mimba wakiwa wangali wanafunzi. Hao wote hukaa kwenye madawati pamoja na wenzao, wakisubiri kengele ya mapumziko.

Sheria inawatambua. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya huduma za afya. Sheria ya Afya ya Akili ilifanyiwa marekebisho mwaka 2022. Sheria ya Afya ya Kidijitali ya mwaka 2023 imeipa tiba ya mbali msingi wa kisheria. Mnamo Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomhesabu mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakiuka Katiba. Kabla ya uamuzi huo, mtoto aliyeungama jambo kama hilo kwa mwalimu alikuwa, kwa mujibu wa maandishi ya sheria, ameungama kosa. Haishangazi basi kwamba wengi walichagua kimya.

Tiba ya mbali inavyofanya kazi

Kiini cha huduma hii ni chepesi kueleza. Shule hutenga chumba chenye faragha na kifaa chenye kamera, na mwanafunzi huketi akazungumza na mshauri au daktari aliye mji mwingine. Mtu mzima aliyefunzwa huwa karibu, nje ya mlango, tayari kuingia mambo yakizidi. Nchini Marekani huduma hizi zilienea baada ya 2020. Mwaka 2023, kwa mfano, kaunti ya Los Angeles iliingia katika mpango wa kuwapa wanafunzi wa shule zake ushauri wa nafsi kwa njia ya video, na mwaka huohuo jiji la New York lilianzisha huduma ya mtandaoni kwa vijana wa miaka 13 hadi 17.

Nchini Kenya msingi umekwisha kuwekwa. Namba 116, isiyotozwa malipo, huwapokea watoto wanaohitaji msaada. Shirika la Shamiri, ambalo jina lake limetokana na kitenzi cha Kiswahili, limewatumia vijana waliomaliza shule hivi karibuni kuwaongoza wanafunzi wa sekondari katika vikao vya pamoja. Jaribio lao lililochapishwa mwaka 2021, lililowahusisha wanafunzi 413, lilionyesha kupungua kwa dalili za huzuni nzito na wasiwasi. Mwaka mmoja kabla ya hapo, jaribio jingine dogo lilikuwa limewashirikisha wanafunzi 103 kwa kutumia tarakilishi za shule, katika kikao kimoja tu. Aidha, tangu mwaka 2016 serikali ilisambaza vishikwambi katika shule za msingi za umma. Vingine vimeharibika na vingine vimefungiwa kabatini, lakini hakuna anayeweza kusema kwamba shule ya kijijini haijawahi kuona kioo.

Kwa hiyo swali la kifaa linaweza kujibika. Lililobaki ni lile la maneno yatakayopita katika kifaa hicho.

Kikwazo cha neno

Tuchukulie mwanafunzi wa gredi ya sita katika shule mojawapo ya Butula. Anaitwa ofisini, anakalishwa mbele ya kishikwambi, na sauti kutoka Nairobi inamuuliza kama ana mfadhaiko. Atajibu kuwa hana. Akiulizwa anajisikiaje, atasema yuko sawa. Akibanwa zaidi, huenda akasema kichwa kinamuuma. Mtaalamu ataandika kuwa mtoto hana tatizo la kihisia, na kikao kitafungwa. Kumbe mtoto yule amekaa wiki tatu bila usingizi tangu mama yake avuke mpaka kwenda kutafuta kazi.

Kosa liko wapi? Kwanza, liko katika istilahi yenyewe. Neno "akili" shuleni ni kipimo cha ufaulu. Mwenye akili hushika nambari ya kwanza, na asiye nayo huambiwa hivyo mbele ya wenzake. Mtoto anaposikia kwamba ameitwa kwa ajili ya "afya ya akili", husikia kwamba ameonekana hana akili, na kutoka hapo hadi kwenye maneno "kichaa" na "mwendawazimu" ni hatua moja ya uwanja wa michezo. Pili, istilahi za wataalamu hazijatulia. Kile ambacho Tanzania hukiita sonona, Kenya hukiita mfadhaiko, au unyogovu, au msongo wa mawazo, na huo msongo wa mawazo hutajwa vilevile kwa mtu aliyechelewa kulipa kodi ya nyumba. Daktari akitumia neno moja kwa maradhi na kwa usumbufu wa kawaida, mgonjwa hana namna ya kujua anaulizwa nini.

Ajabu ni kwamba Kiswahili hakina umaskini wa maneno ya nafsi. Kina simanzi, majonzi, jitimai, kihoro, ukiwa, kiwewe, fadhaa na jakamoyo. Kina kufa moyo, kuvunjika moyo na roho kuwa juujuu. Riwaya zake zimekuwa zikizungumzia jambo hili kwa zaidi ya nusu karne. Rosa wa Rosa Mistika (1971) na Kazimoto wa Kichwamaji (1974), wote wa Euphrase Kezilahabi, walijitoa uhai. Matuko Weye katika Kidagaa Kimemwozea cha Ken Walibora alionwa na watu kuwa mwendawazimu ilhali alisema yale ambayo wenye akili timamu waliogopa kuyasema. Katika Chozi la Heri cha Assumpta Matei, Umu aliachwa na mama, akafiwa na baba, kisha akaibiwa ndugu zake wawili. Vitabu hivi viwili vya mwisho vilitahiniwa kote nchini Kenya. Wanafunzi wa Butula na Malaba waliorodhesha sifa za Umu, wakapewa alama, wakafunga kitabu. Waliofanana na Umu hawakuulizwa chochote.

Hali ni hiyohiyo katika insha. Mtoto akiambiwa aandike kuhusu siku asiyoweza kuisahau, baadhi huandika harusi na safari, lakini yupo anayeandika juu ya usiku ambao baba alirudi na panga. Msomaji wa kwanza wa ungamo hilo mara nyingi ni mwalimu wa Kiswahili. Naye, kwa mujibu wa mafunzo yake, huzungushia kosa la upatanisho wa kisarufi kwa kalamu nyekundu, akaandika 14 kati ya 40, akaendelea na daftari linalofuata. Si mwalimu mbaya. Ni mwalimu ambaye chuo kilimfunza kusoma lugha ya mtoto, hakikumfunza kumsoma mtoto.

Kiswahili kipi?

Hapa panazuka pingamizi ambalo wanakiswahili hawapaswi kulikwepa. Mtu anaweza kusema kuwa Kiswahili si lugha ya kwanza ya mtoto wa Marachi. Nyumbani husema Olumarachi. Kule Malaba, katika Teso Kaskazini, wengi husema Ateso. Sokoni Busia husikika lugha za pande zote mbili za mpaka. Kwa nini basi huduma itolewe kwa Kiswahili na isitolewe kwa lugha ya mama?

Pingamizi hili ni la haki, na Katiba yenyewe, katika kifungu cha 7, inaitaka serikali kukuza lugha za kiasili. Palipo na mshauri anayejua Olumarachi au Ateso, huyo ndiye anayefaa kutangulia. Lakini wataalamu ni wachache, na tiba ya mbali ina maana kwamba atakayepatikana saa hiyo huenda yuko Mombasa au Nyeri. Lugha inayoweza kuwaunganisha wote hao bila mkalimani wa tatu chumbani ni Kiswahili. Mkalimani huyo, akiwa mwalimu wa zamu au jirani ya mzazi, ndiye hasa anayemfanya mtoto anyamaze.

Hata hivyo, si kila Kiswahili kitafaa. Kiswahili ambacho mtoto amekutana nacho shuleni ni lugha ya mtihani. Ni lugha inayosahihishwa. Katika shule nyingi za Kenya watoto wamevishwa kibao au diski shingoni kwa kusema lugha ya mama, na siku nyingine kwa kusema Kiswahili chenyewe siku ya Kiingereza. Mtoto aliyefunzwa kwamba kufungua kinywa ni kuhatarisha adhabu hatamfungulia mgeni moyo kwa lugha ileile, tena kwa usanifu. Mshauri anayengoja sentensi kamili zenye upatanisho atangoja sana. Kinachohitajika ni masikio yanayopokea Kiswahili cha mpakani kama kilivyo, pamoja na Olumarachi yake, Sheng yake na ukimya wake.

Mpaka wenyewe umekwisha kutoa funzo kuhusu maneno. Neno bodaboda, ambalo leo limeenea Afrika Mashariki, husimuliwa kuwa lilizaliwa Busia na Malaba kutokana na baiskeli zilizobeba abiria kutoka upande mmoja wa mpaka hadi mwingine. Hakuna kamati iliyokaa kulisanifu. Watu walikuwa na haja, wakalipata neno, na kamusi zikafuata baadaye. Vivyo hivyo watoto wa Marachi bila shaka wanayo maneno ya kutajia uchungu wao. Hakuna aliyekwenda kuyakusanya.

Zimbabwe inatoa mfano wa kuigwa. Mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda alianza kuwatumia nyanya wa mtaa wa Mbare mjini Harare kuwashauri wagonjwa wakiwa wameketi kwenye benchi. Mazungumzo yao yalijengwa juu ya neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Neno hilo halikutafsiriwa kutoka katika kitabu cha tiba. Lilikuwa vinywani mwa watu. Matokeo ya jaribio la watu 573, yaliyochapishwa mwaka 2016, yalionyesha kuwa waliohudumiwa na nyanya hao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Yamkini nyanya hao wasingefika mbali kama wangefunzwa kwanza kutamka istilahi za Kiingereza.

Mipaka ya pendekezo

Haifai kuitukuza tiba ya mbali kupita kiasi. Mtandao hukatika. Umeme hupotea. Chumba kinachoitwa cha faragha huenda kikawa ghala la mahindi lenye dirisha lisilo na kioo. Siri za mtoto zinaweza kuhifadhiwa mahali pasipojulikana, ingawa Sheria ya Kulinda Data ya 2019 huzihesabu habari za afya kuwa nyeti. Zaidi ya hayo, mtoto anaweza kueleza kuwa anayemdhulumu ni mtu wa shule ileile iliyompa chumba. Pasipo njia iliyoandikwa mapema ya kumlinda, kikao hicho kitakuwa kimemfungua mtoto jeraha na kumwacha nalo. Shule isiyoweza kueleza nani ataitwa na nani hataambiwa isianze.

Lakini upungufu huo si sababu ya kuwaacha watoto jinsi walivyo. Ni sababu ya kuanza kwa uangalifu, katika shule chache, na mtu wa karibu akiwa pamoja na mtaalamu wa mbali.

Wajibu wa wanakiswahili

Idara za Kiswahili zina kazi tatu ambazo hakuna mhandisi wala daktari atakayezifanya kwa niaba yao.

Kwanza ni kukusanya. Tasnifu nyingi za uzamili hurudia uhakiki wa riwaya zilezile. Mwanafunzi mmoja akienda Butula, mwingine Matayos na mwingine Malaba, kwa idhini ya wazazi na chini ya usimamizi wa wataalamu, wakarekodi jinsi watoto wanavyoeleza hofu, upweke na majonzi, kitapatikana kitu ambacho hakipo: faharasa ya hisia za mtoto kwa Kiswahili cha mpakani, Olumarachi na Ateso.

Pili ni kuyapima maswali. Hojaji za kupima huzuni zimekwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili na kujaribiwa magharibi mwa Kenya, kama ilivyofanywa kwa watu wazima wenye virusi vya Ukimwi katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009. Maswali ya mtu mzima hayamfai mtoto. Badala ya kumuuliza kama amepoteza hamu ya mambo, aulizwe kama bado hucheza wakati wa mapumziko. Badala ya kumuuliza kama ana wasiwasi, aulizwe ni nini humjia taa inapozimwa. Kuchagua baina ya maswali hayo ni kazi ya isimu na ya fasihi kwa pamoja.

Tatu ni kufunza. Kozi ya ukalimani inayoishia bungeni na katika mikutano ya kimataifa iongezwe zahanati na shule. Mwalimu mtarajiwa wa Kiswahili afunzwe la kufanya insha inapogeuka kuwa kilio: asihoji, asitangaze, amfikishe mtoto kwa anayehusika, na alama za sarufi zingoje.

Hitimisho

Wanakiswahili wamepigania lugha hii iingie bungeni, mahakamani na katika Umoja wa Afrika, na wamefanikiwa. Mafanikio hayo yana heshima yake. Lakini lugha hupimwa pia mahali pasipo na vipaza sauti, kama vile katika chumba kidogo cha shule ya Butula, ambamo mtoto mmoja anatazama kioo na kutafuta neno. Serikali ya kaunti inaweza kuleta umeme na mtandao. Madaktari wanaweza kupatikana kwa zamu. Neno hilo halitaletwa na yeyote kati yao. Litatoka kwa watoto wenyewe, iwapo wenye taaluma ya maneno watafunga safari ya kwenda kuwasikiliza.